Sultani wa Ukwajuni Alikuwa Akilala Wapi?

Mambo haya yalitokea katika nchi moja ambayo si yenu. Nalisema hili mapema ili msomaji akae vizuri kitini, asiwe na haja ya kutazama mlangoni. Wala si nchi ya jirani zenu, maana jirani naye ana masikio. Ni nchi ya mbali kidogo, ina bendera yake na wimbo wake, na watu wake ni wema, wasikivu, hodari wa kukaa chini ya turubai na kupiga makofi.

Nchi hiyo ilikuwa na desturi moja. Hakuna kazi iliyoanza mpaka mgeni rasmi aje kuweka jiwe la msingi. Jiwe likishawekwa, kazi ilihesabiwa imeanza, na kazi iliyokwisha kuanza, jamani, ya nini tena kuihangaikia? Basi nchi ilijaa mawe ya msingi ya shule, ya zahanati, ya madaraja. Lilikuwapo hata la uwanja wa ndege, katikati ya shamba la mpunga, na mwenye shamba alianikia nguo za watoto juu yake. Wageni kutoka nje waliuliza majengo yako wapi. Wenyeji waliwaonea huruma, wakawaletea soda.

Katika Chuo Kikuu cha nchi hiyo alikuwapo mhadhiri aliyeitwa Dokta Salehe Mkwizu. Alifundisha akiolojia, yaani elimu ya kuchimbua mambo ya kale yaliyofukiwa ardhini. Alikuwa mtu muungwana, mfupi, mwenye miwani na kikohozi cha chaki. Kikohozi hicho alikipata kazini, maana katika miaka yake yote ya kufundisha kuchimba, Dokta hakuwahi kuchimba. Msimdhanie uvivu. Alikwenda kusomea kuchimba ng'ambo, akafika wakati wa baridi kali, ardhi imeganda, ikabidi afundishwe kwa picha. Aliporudi akakuta Chuo hakina magofu. Basi akawa anachora matabaka ya udongo ubaoni kwa chaki za rangi, na wanafunzi wanayachimba kwa dasta, tabaka baada ya tabaka, mpaka wafikie ubao mtupu. Kila mwaka nchi ilipata wachimbaji wapya, mikono yao myeupe pe.

Mtaani kwake walimwita Mchimbaji. Jina hilo alilipenda na alilihofia. Siku choo cha jirani kilipotitia, walimfuata yeye wa kwanza na sururu mkononi. Dokta akawaeleza kwa kirefu kwamba mtu hachimbi tu kama fuko. Kwanza eneo ligawanywe kwa miraba, kamba zifungwe, na maswali ya utafiti yaulizwe. Walimsikiliza kwa heshima mpaka mkewe, Mama Rehani, alipotoka ndani akawaambia wamwache mzee wa watu, yeye anachimba vilivyokufa tu, na choo hicho bado kina wenyewe. Dokta alicheka pamoja nao. Baadaye alikwenda kunawa mikono isiyo na tope, na hapo hakucheka.

Heshima yake yote ilisimama juu ya kitu kimoja, nacho ni tasnifu yake kuhusu Ukwajuni.

Ukwajuni ndiko kulikokuwa na magofu makuu ya nchi ile. Palikuwa na Kasri la Sultani, lililochapwa kwenye stempu na kwenye majalada ya madaftari ya shule. Kasri lenyewe lilikuwa ukuta mnene wa mawe na chokaa, ngazi pana za kupandia, na juu yake sakafu tambarare yenye kiti kimoja cha jiwe katikati. Ni hivyo tu. Hapakuwa na chumba, wala jiko, wala kisima, wala kaburi. Watoto walifundishwa kwamba hapo palisimama mji mkubwa wa wahenga wao, na swali lililowatoa jasho wasomi lilikuwa hili: Sultani alikuwa akilala wapi?

Dokta Mkwizu ndiye aliyelijibu. Katika tasnifu nene, ambayo nyumbani kwake ilitumika kuzuia mlango usibamizwe na upepo, alithibitisha kwamba vyumba vya Sultani vilijengwa kwa mbao, mbao zikaliwa na mchwa, na mchwa nao wakafa, ndiyo maana hakijabaki chochote. Wasomi walipitia ushahidi. Kweli hakikuwapo chochote. Wakampa udaktari.

Sasa shida ikaja. Seneti ya Chuo ilikaa ikaamua kwamba akiolojia ya ubaoni basi. Darasa la mwaka huo lichimbe kwenye eneo la kihistoria, tena lipate kitu, kabla ya masika. Lisipopata, somo lifungwe, na Dokta ahamishiwe kufundisha Stadi za Mawasiliano kwa wanafunzi wa uhasibu. Yeye aliyejua Sultani alikolala, afundishe watu kuandika barua za kuomba likizo! Dokta alikosa hamu hata ya wali wa nazi, na Mama Rehani akajua kwamba safari hii mambo si mzaha.

*

Ukwajuni ilikuwa mali ya Makumbusho ya Taifa, na Makumbusho na Chuo walikuwa hawaamkiani. Chuo kilisema Makumbusho wana vitu bila elimu. Makumbusho walisema Chuo kina elimu bila vitu. Wote wawili walisema kweli, na ugomvi wa namna hiyo haufi upesi.

Mhifadhi Mkuu wa Makumbusho alikuwa Bi Shemsa Ndaro, mwanamke mrefu mwenye vitenge vilivyopigwa pasi mpaka vikanyooka kama ubao. Bi Shemsa aliamini kwamba urithi wa taifa hutunzika vizuri pale ambapo taifa halisogei karibu. Aliizungushia Ukwajuni waya wa miiba, akatia kufuli, na ufunguo akauhifadhi vizuri hata yeye mwenyewe asiuone tena. Alipotaka kukagua magofu alizunguka nyuma, mahali waya ulipoishia.

Dokta alimwendea kwa unyenyekevu. Alikaa kwenye benchi la nje asubuhi nyingi, mpaka wageni wa Makumbusho wakaanza kumpiga picha. Mwisho Bi Shemsa akamhurumia, na yakaanza mazungumzo ya ushirikiano. Ilifanyika semina elekezi, ikafuata warsha ya wadau, ikafuata semina ya kuielewa warsha, yote katika hoteli moja yenye mandhari nzuri, mbali kabisa na magofu. Ikatoka hati ya makubaliano. Nchi nzima iliisifu kwa namna ilivyomaliza tatizo la udongo. Udongo ulio ardhini ulikuwa wa Makumbusho. Udongo ulio kwenye chekeche ulikuwa wa Chuo. Udongo ulio njiani, juu ya koleo, ulikuwa wa Kamati ya Pamoja, na ukimwagika kikao kiitishwe.

Hati hiyo ilisema pia kwamba wanafunzi watafundishwa kuchimba kwa vitendo, ilimradi ardhi isiguswe. Dokta alisoma kifungu hicho, akavua miwani, akaifuta, akakisoma tena. Halafu akatia saini. Mwenye shida si mtu, na yeye alikuwa na shida.

Lakini ushirikiano wenyewe ulikuwa haujaanza, kwa sababu ile mnayoijua. Ilikuwa lazima Waziri wa Mambo ya Kale na Mambo Yajayo aje aweke jiwe la msingi la Kituo cha Mafunzo ya Akiolojia kwa Vitendo. Bi Shemsa akamwuliza Dokta jiwe likae wapi. Dokta akaonyesha kiwanja kilicho mbele ya Kasri. Kisha, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, akapata wazo la ujanja. Akauliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, shimo la kuwekea jiwe litachimbwa na nani. Kwa nini wasipewe wanafunzi, kwa moyo wa uzalendo?

Bi Shemsa hakuona ubaya. Alisema shimo la jiwe la msingi si uchimbaji, ni itifaki.

*

Basi akiolojia ya nchi ile ikaingia kupitia shimo la itifaki.

Wanafunzi walifunga kamba, wakagawa miraba, wakapiga magoti na miiko yao ya kuchimbia na brashi zao. Dokta naye alipiga magoti. Udongo ulipomwingia kwenye kucha alitulia kidogo, kisha akaunusa, akaona haya, akatazama kama kuna aliyemwona. Aliyemwona ni Siwema, msichana mmoja mwembamba aliyekuwa akikaa mbele darasani, mwenye tabia ya kuuliza swali baada ya kengele. Siwema aligeuza uso upande mwingine kwa adabu.

Hawakwenda chini sana mwiko ukagonga kitu kigumu. Walisafisha kwa brashi. Lilikuwa jiwe la msingi. Lilikuwa na maandishi yaliyosema kwamba jiwe hilo la Kituo cha Mafunzo ya Akiolojia kwa Vitendo limewekwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu na Makumbusho, na mheshimiwa wa serikali iliyopita.

Watu wakatazamana. Bi Shemsa, aliyekuja kusimamia udongo wake, aliinama akalitazama lile jiwe kwa muda mrefu. Akasema siku hiyo anaikumbuka. Alikuwa mwajiriwa mpya, ndiye aliyebeba sinia la mkasi, na mkasi haukukata, mgeni rasmi akaukata utepe kwa meno. Kando ya jiwe wanafunzi wakaokota mkasi wenye kutu. Bi Shemsa akaujaribu. Bado ulikuwa haukati.

Chini ya jiwe hilo palikuwa na tabaka la vizibo vya soda, na chini ya vizibo, jiwe jingine, la serikali iliyoitangulia ile iliyopita. Chini yake tabaka la vipande vya utepe, mguu wa kiti cha plastiki na soli za viatu vya wacheza ngoma. Kisha jiwe la gavana wa kikoloni, lililoahidi, kwa lugha yake, chuo cha kuwafundisha wenyeji mambo yao wenyewe. Dokta aliwafundisha palepale, kwa furaha, kwamba haya ndiyo matabaka halisi, ya juu ni ya jana na ya chini ni ya juzi, na kwamba wangekuta msumari mmoja tu au kipande cha tofali wangejua kituo kilijengwa lini. Walichekecha udongo wote. Hawakukuta msumari.

Wakaendelea. Chini kabisa, pale gavana alipokuwa hajazaliwa, walifika kwenye bamba la jiwe lililochongwa kwa ustadi, nakshi pembeni, na maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Dokta alizisoma herufi hizo tangu utotoni, katika chuo cha Kurani cha marehemu mwalimu wake. Akavua miwani, akalala kifudifudi, akasoma polepole, kidole kikifuata mistari. Ilisemwa kwamba Sultani wa Ukwajuni, Mungu amzidishie umri, ameliweka jiwe hili kwa mkono wake mtukufu, liwe msingi wa nyumba ya kufundishia vijana habari za waliotangulia. Ujenzi utaanza baada ya masika, inshallah.

Chini ya bamba hilo palikuwa na udongo mwekundu safi, ambao haujaguswa na mtu tangu dunia iumbwe.

Siwema aliondoka shimoni, akapanda ngazi za Kasri taratibu, akakaa kwenye kile kiti cha jiwe. Kutoka hapo aliliona shimo lote sawasawa, mbele ya magoti yake. Akatazama ukingoni mwa sakafu, akaona vile vitundu ambavyo Dokta aliandika katika tasnifu kwamba vilishika nguzo za vyumba vya mbao. Vilikuwa vidogo. Vilitosha vijiti vya kutundikia kitambaa cha kivuli.

"Mwalimu," akasema kutoka juu, "hili si kasri. Ni jukwaa kuu."

Dokta alikuwa amekwisha kujua kabla hajamaliza. Aliketi chini palepale. Mji haukuwapo. Wahenga hawakujenga mji; walikuja, wakakaa kivulini, wakatazama jiwe likiwekwa, wakarudi makwao. Na vyumba vya mbao? Na wale mchwa aliowalea kwenye kurasa zile zote, akawapa njaa, akawapa njia, akawaua mmoja mmoja kwa tanbihi? Moyo ulimwuma kama amefiwa.

Siwema akateremka akapiga magoti mbele yake. Hakuwa na kiburi, alitaka tu kujua.

"Mwalimu, ripoti tuandike tulichokiona, au tulichofundishwa?"

Dokta akamwambia atamjibu kesho. Wala hakumwambia kesho ipi.

Nyumbani alimsimulia mkewe yote. Akisema kweli, udaktari wake unabaki wa kuzuia mlango tu, na Seneti itapata sababu ya kulifunga somo. Akinyamaza, uchimbaji wa kwanza ambao wanafunzi wake wamewahi kuufanya utakuwa uongo. Mama Rehani alikuwa akichambua mchele. Akauliza, kwa hiyo huyo Sultani alikuwa akilala wapi?

"Kwake," Dokta akasema. "Alikuja akaweka jiwe, akaenda zake."

"Kama wenzake," Mama Rehani akasema, akaendelea na mchele.

*

Siku ya sherehe turubai zilifungwa, na wakubwa wakakalishwa juu ya Kasri, kwa kuwa ndipo palipokuwa pazuri. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Fulgensi Kabuzya, alifika wakati kivuli kimeshahamia upande wa pili na ngoma zimeshachoka. Kila aliyesimama kusema aliwataja wakubwa wote kwa vyeo vyao, kuanzia kwa mgeni rasmi mpaka mwenyekiti wa kamati ya maji ya kunywa, kisha akasema itifaki imezingatiwa, akaketi, maana muda wake ulikuwa umekwisha.

Ikafika zamu ya Dokta. Hotuba alikuwa nayo mfukoni, nzuri, yenye neno "tija" karibu kila mstari. Alimwona Siwema amesimama na wenzake kando ya shimo, magoti yao yote mekundu. Karatasi ikabaki mfukoni.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," akasema, "hapa hapajawahi kuwa na mji. Mlipokaa si kasri, ni jukwaa, na lilijengwa liwe jukwaa. Wazee wetu waliweka jiwe wakaondoka, kama sisi. Na vile vyumba vya mbao nilivyoviandika, nilivitunga mimi."

Kimya kikatanda. Mshereheshaji, ambaye kazi yake ilikuwa kuogopa kimya, akashika kipaza sauti akaomba makofi kwa Dokta, na wananchi, watu wema, wakapiga.

Waziri akainuka. Alikuwa ametokwa na machozi.

Alisema kwamba kwa muda mrefu wapo wenye nia mbaya walioisema serikali kuwa inaanza mambo na haimalizi, kana kwamba ni mtindo wa juzijuzi. Leo sayansi imeisafisha serikali. Kumbe tumerithi! Wengine wana mapiramidi, wameyamaliza, sasa wamebaki kuyatazama hawana la kufanya. Sisi tunaanza tangu enzi za Sultani, hatujakatisha hata utawala mmoja. Ni taifa gani duniani lina mwendelezo kama huo? Akaahidi kwamba wizara yake itaendelea kuanza. Vigelegele vikapasua anga, akina mama wakatandika khanga njiani, na mgeni rasmi akateremka kuweka jiwe lake.

Kabla zege halijamwagwa, Siwema alijifanya kufunga kamba ya kiatu. Akadondosha mwiko wake shimoni, ule wenye jina lake lililochomwa kwenye mpini. Dokta alimwona. Safari hii ni yeye aliyegeuza uso upande mwingine.

Na Seneti je? Seneti ilisema darasa limechimba na limepata, tena limepata kwa wingi. Somo likabaki. Kuhusu tasnifu, ilionekana kwamba mtu aliyekosea kwa upana namna ile, kisha akajirekebisha hadharani, ni msomi wa aina ya pekee. Wakampa uprofesa. Alikwenda nyumbani akiwa amejiandaa kudharauliwa, na hakupata hata nafasi hiyo.

*

Tatizo lilikuwa darasa lililofuata. Jiwe lilikuwa limewekwa, kituo kilikuwa kimeanza, na Ukwajuni ilifungwa kwa kufuli jipya. Wanafunzi wakarudi kwenye ubao na dasta. Profesa Mkwizu alikohoa chaki tena, na safari hii ilimuuma zaidi, kwa sababu alikwisha kunusa udongo.

Ndipo Waziri Kabuzya akaondolewa katika mabadiliko ya baraza la mawaziri. Profesa alisikia redioni akiwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini. Waziri mpya hawezi kuridhika na jiwe la aliyemtangulia. Waziri mpya atataka lake, na jiwe linataka shimo. Akavaa koti, akatoka bila kumaliza chai, akawa mtu wa kwanza kufika wizarani kumwomba mheshimiwa aje aweke jiwe.

Tangu hapo ndivyo akiolojia ilivyofundishwa. Wakulima walisikiliza utabiri wa mvua. Yeye alisikiliza nani ametenguliwa. Kila waziri alipoanguka, darasa moja lilichimba. Walichimba shimo lilelile, wakatoa mawe yaleyale wakayarudisha pamoja na kila walichokikuta chini yake, wakaongeza vizibo vipya vya soda. Profesa alipata magoti mekundu na kikohozi kikapona. Alijijua. Mama Rehani alipomwuliza kama haoni haya kuwabembeleza watu waweke mawe aliyowahi kuyakana mbele ya umati, alisema anaona, lakini haya haimzuii mtu kuinama. Alijiita mchimbaji wa shimo moja, akacheka, na kicheko hakikumkaa vizuri.

Kisha miaka ikapita, na wizara akapewa Siwema.

Alikuja Ukwajuni bila king'ora wala ngoma. Alikuja na lori la matofali, mifuko ya saruji na mafundi. Akamwamkia Profesa kwa magoti, ingawa alikuwa waziri, akamshika mikono yote miwili. Akamwambia, "Mwalimu, nimekuja kukujengea kituo chako."

Profesa alilia kwa furaha. Kitu alichokiomba ujana wake wote kilikuwa kimesimama mbele yake kwenye magurudumu. Akalitazama lori, akakitazama kiwanja, akawaza. Kituo kikijengwa, nani tena ataweka jiwe? Na jiwe lisipowekwa, shimo litatoka wapi? Machozi yakakauka. Akasema kwa sauti isiyo yake kwamba hapa hapajawahi kujengwa kitu tangu enzi za Sultani, kwamba huo ndio urithi wenyewe, na ukuta wowote utakaosimama hapa utaharibu ushahidi. Bi Shemsa, ambaye sasa alitembelea mkongojo, akasema Makumbusho wanaunga mkono hoja. Chuo na Makumbusho wakakubaliana bila hata warsha. Dereva alipowasha gari, Profesa alikwenda akalala mbele ya tairi, miwani mkononi.

Siwema akachuchumaa kando ya kichwa chake.

"Mwalimu, ulisimama hapa ukasema kweli mbele ya nchi nzima. Leo unailalia?"

"Ndilo shimo pekee ninaloruhusiwa, mwanangu," Profesa akasema. "Sina jingine."

Siwema akainuka. Aliwatazama wanafunzi waliosimama pembeni na miiko yao mipya, wakisubiri kujua kama wao watachimba au watakwenda kwenye ubao. Mwisho akamwambia dereva ashushe matofali pembeni, kwa muda, wakati jambo linazungumzwa. Na kwa kuwa watu walikwisha kukusanyika, akakubali kuweka jiwe.

Wanafunzi wakaingia shimoni. Walipolitoa jiwe la Mheshimiwa Kabuzya wakaukuta chini yake mwiko wenye jina kwenye mpini. Walioziona herufi wakampa mwenyewe. Siwema aliushika, akaugeuza. Kisha akavua viatu vya ofisini, akateremka shimoni na suti yake, akapiga magoti karibu na mwalimu wake, wakachimba pamoja mpaka kwenye bamba la Sultani. Huko juu mshereheshaji alimsubiri mgeni rasmi asogee kwenye kipaza sauti, akasubiri, mwisho akatangaza kwamba itifaki imezingatiwa. Wakati wa kuondoka Siwema alisema atarudi wiki ijayo, na kwamba safari hiyo watajenga, Mwalimu atake asitake. Profesa akasema sawa. Alikuwa amefurahi siku ile, na alisema kwa moyo wake.

Wiki iliyofuata baraza la mawaziri likabadilishwa. Profesa alikuwa anakunywa chai. Aliposikia kuna waziri mpya, moyo wake uliruka kwa furaha kama kawaida, mkono ukalifuata koti, na koti lilikuwa limeshaingia bega moja alipokumbuka jina lililoondolewa lilikuwa la nani. Alisimama hivyo katikati ya chumba, mkono mmoja ndani na mmoja nje, mpaka Mama Rehani akaja akamvua.

Matofali yapo mpaka leo. Yameota kuvu na majani, yamepangwa kwa safu nzuri, na watembezaji wa watalii huyaita Kasri la Siwema. Watoto hufundishwa kwamba hapo aliishi waziri aliyetaka kujenga. Wasomi wana swali moja tu linalowasumbua, waziri huyo alikuwa akilala wapi, na kijana mmoja hodari ameshaanza kuliandikia tasnifu. Anadhani vyumba vilikuwa vya mbao. Msimamizi wake ni Profesa Mkwizu. Juzi alimrudishia sura ya kwanza, na pembeni amemwandikia kwa mkono wake: Usisahau mchwa.